Deni Linalojilipa Lenyewe: Kura ya California juu ya Mitaa Iliyochakaa

Tarehe 4 Novemba, mwaka 1952, watu wa Marekani walikwenda kupiga kura ili kumchagua Rais wao, na aliyeshinda alikuwa Jemadari Dwight Eisenhower. Habari za ushindi huo zilienea dunia nzima. Lakini katika jimbo la California, lililo upande wa magharibi wa nchi hiyo, kando ya Bahari ya Pasifiki, karatasi za kura za siku ile zilikuwa na mambo mengine zaidi ya majina ya wagombea. Yalikuwamo mashauri ya sheria, kila moja na nambari yake, na mpiga kura alitakiwa kujibu Ndiyo au La. Shauri Namba 18 lilihusu njia ya kupata fedha za kujenga upya mitaa iliyochakaa katika miji. Raia walilikubali.

Shauri hilo halikuwa na mvuto kama uchaguzi wa Rais. Hata hivyo matokeo yake yalidumu karibu miaka 60. Yalisimamisha majumba marefu mahali penye nyumba za mbao, yaliwahamisha maelfu ya watu, na mwishowe yaliletwa mbele ya Mahakama Kuu ya jimbo hilo. Inafaa kujua jambo lenyewe lilikuwa nini, kwa sababu swali lililoulizwa huko huulizwa katika kila nchi yenye miji inayokua: ni nani atakayelipa gharama ya kutengeneza mtaa ulioharibika, na ni nani atakayefaidika?

RAIA NA KATIBA YAO

Kwanza ni lazima kueleza kwa nini jambo la fedha za miji lililetwa mbele ya raia wote. California ni moja ya majimbo ya Marekani, na kila jimbo lina katiba yake mbali na katiba ya nchi nzima. Baraza la kutunga sheria la California haliwezi kubadili katiba ya jimbo peke yake. Thuluthi mbili ya wajumbe wa kila nyumba ya Baraza wakikubaliana, shauri hupelekwa kwa wapiga kura, nao ndio wenye neno la mwisho. Wakikubali zaidi ya nusu ya wale waliopiga kura, basi katiba imebadilika.

Kabla ya siku ya kura, mpiga kura hupelekewa kijitabu chenye maneno ya kila shauri, pamoja na hoja za wale wanaoliunga mkono na za wale wanaolipinga. Mtu hupewa nafasi ya kusoma na kufikiri nyumbani kwake. Ni desturi njema. Lakini hata mtu aliyesoma sana huweza kushindwa kuona mbali, hasa shauri linapohusu hesabu za kodi. Shauri Namba 18 lilikuwa la namna hiyo.

MTAA ULIOHARIBIKA NI UPI?

Katika mwaka 1945, vita vikuu vilipokuwa vikimalizika, California ilitunga sheria ya kuiruhusu miji kujenga upya mitaa yake mibovu. Neno la Kiingereza lililotumika kuitaja mitaa hiyo ni lile ambalo wakulima hulitumia kwa maradhi yanayonyausha mimea. Maana yake ni kwamba uharibifu wa mtaa hufanana na maradhi ya shamba: huanza katika nyumba moja, kisha huenea. Mwenye nyumba haoni faida ya kuezeka paa jipya iwapo jirani zake wote wameacha mapaa yao yaoze. Viwanja vimekatwa vidogo vidogo bila mpango, njia ni nyembamba, mifereji imeziba, na watu wamejazana katika vyumba visivyo na hewa. Hakuna mtu mmoja awezaye kuuponya mtaa wa namna hiyo peke yake.

Basi sheria iliuruhusu mji kuunda halmashauri ya kujenga upya. Baraza la mji likisha kutangaza kwamba mtaa fulani umeharibika, halmashauri iliweza kuununua. Mwenye kiwanja akikataa kuuza, mahakama iliweza kumlazimisha, naye hulipwa bei ya haki. Nyumba zilibomolewa, njia na mabomba vilitengenezwa, na kisha ardhi iliuzwa kwa wajenzi watakaojenga upya kwa kufuata mpango.

Tatizo lilikuwa katika hesabu. Kununua nyumba nyingi, kuzibomoa na kutandika mabomba ni kazi ya gharama kubwa, na ardhi iliyo tupu haikuweza kuuzwa kwa bei ya kurudisha fedha zote zilizotumika. Mwaka 1949 Serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria ya nyumba, ikaahidi kulipa thuluthi mbili ya hasara hiyo. Thuluthi moja iliyobaki ilikuwa juu ya mji wenyewe. Mji utaipata wapi? Kwa desturi, mji wa California ukitaka mkopo mkubwa unaolipwa kwa kodi za raia ulihitaji kibali cha thuluthi mbili ya wapiga kura wake, na kibali hicho si rahisi kukipata.

MFANO WA SHAMBA LA KAHAWA

Hapo ndipo lilipoingia Shauri Namba 18. Njia iliyopendekezwa huweza kueleweka kwa mfano.

Tuseme ndugu watatu wana shamba moja la kahawa. Mibuni imezeeka na kushikwa na maradhi, na kila mwaka shamba hutoa magunia 10 tu, ambayo ndugu hao hugawana. Mpwa wao anakuja na shauri. Anasema: “Nipeni ruhusa nikope fedha, niyakate matawi yaliyooza, nitie dawa na mbolea. Ninyi mtaendelea kupata magunia yenu 10 kama zamani. Yatakayozidi 10 nitayachukua mimi nilipe deni. Deni likiisha, mavuno yote ni yenu.” Ndugu wanatazamana. Hawatakiwi kutoa hata senti moja. Wanakubali.

Katika California, shamba ni mtaa ulioharibika, na magunia ni kodi ya ardhi na majengo. Ndugu watatu ni mji, wilaya, na shule, kwa kuwa wote hao hugawana kodi hiyo. Mpwa ni halmashauri ya kujenga upya. Siku mpango wa mtaa ulipokubaliwa, thamani ya ardhi na majengo iliandikwa, na kodi inayotokana na thamani hiyo iliendelea kwenda kwa wenyewe. Thamani ilipopanda baadaye, kodi ya ziada ilikwenda kwa halmashauri, nayo iliitumia kulipa hati za mkopo ilizokuwa imeuza kwa mabenki na watu wenye fedha. Deni likiisha, kodi yote ingewarudia wenyewe.

Mtu yeyote aweza kuona uzuri wa hesabu hii. Hakuna kodi mpya. Mtaa unajilipia matengenezo yake wenyewe kwa utajiri utakaozaliwa na matengenezo hayo. Kama halmashauri isipofanya kazi, hakuna ziada, na mwenye kupata hasara ni yule aliyenunua hati. Sacramento, mji mkuu wa jimbo hilo, ulikuwa mmojawapo wa miji ya kwanza kuitumia njia hii, ulipoijenga upya mitaa iliyo mbele ya jumba la Baraza. Baadaye njia hiyo ilifuatwa na karibu majimbo yote ya Marekani.

MASWALI MATATU

Lakini na turudi shambani. Yako maswali matatu ambayo ndugu wale walipaswa kuyauliza kabla ya kukubali.

La kwanza: kama mvua ingenyesha vizuri, na shamba likatoa magunia 12 hata bila ya kazi ya mpwa, yale magunia 2 ni ya nani? Kwa mapatano yao, ni ya mpwa. Vivyo hivyo katika mji, thamani ya ardhi huweza kupanda kwa sababu tu watu wameongezeka na biashara imestawi. Ziada hiyo nayo ilikwenda kwa halmashauri. Tena gharama za shule hupanda kila mwaka, na magunia 10 yaliyowatosha watoto wa leo hayatawatosha watoto wa kesho.

La pili: ni nani atakayesema kwamba deni limekwisha? Sheria ilisema halmashauri itapewa ziada kwa kadiri ya deni lake. Maana yake ni kwamba isiyokuwa na deni haikupata kitu. Basi halmashauri haikuwa na sababu ya kuharakisha kumaliza deni. Ilikuwa na kila sababu ya kukopa tena. Na kwa kuwa raia walikwisha kukubali njia hii mwaka 1952, hati za mkopo za halmashauri hazikuhitaji kupigiwa kura na wakazi wa mji. Ruhusa iliyotolewa siku moja ilitumika kwa mikopo ya miaka mingi.

La tatu ndilo zito kuliko yote: je, wale wanaoishi shambani watakwenda wapi?

WALIOHAMISHWA

Katika mji wa Los Angeles kilikuwapo kilima kiitwacho Bunker Hill. Katika karne iliyotangulia matajiri walijenga huko majumba ya mbao yenye nakshi. Baadaye walihama, na majumba yao yakagawanywa kuwa vyumba vya kupangisha. Waliokaa humo walikuwa wazee wenye malipo madogo ya uzeeni, vibarua na watu wa mataifa mbalimbali. Mwaka 1959 baraza la mji liliukubali mpango wa kukijenga upya kilima chote. Wakazi maelfu kadhaa walihamishwa na nyumba zikabomolewa. Mwaka 1969 hata reli ndogo ya kupandia kilima, iliyoitwa Angels Flight, iliondolewa, isirudishwe kazini hadi mwaka 1996. Viwanja vingine vilikaa vitupu miaka mingi vikitumika kuegesha magari. Mwishowe yakasimama maofisi marefu, mahoteli na nyumba za fahari, na kodi ya kilima hicho ikapanda mara nyingi kuliko ilivyokuwa. Kwa mwenye kuhesabu kodi, mpango ulifaulu. Kwa mzee aliyelipa kodi ndogo ya chumba chake na kwenda sokoni kwa miguu, hesabu ilikuwa nyingine.

Katika San Francisco, mtaa wa Western Addition una habari yake. Kabla ya vita sehemu ya mtaa huo ilikuwa ya watu wa asili ya Kijapani. Mwaka 1942 Serikali iliwahamisha na kuwaweka kambini. Vyumba vyao vikachukuliwa na wengine, wakiwamo Waamerika weusi waliotoka majimbo ya kusini kufanya kazi katika viwanda vya kuundia meli. Barabara ya Fillmore ikajaa maduka, makanisa na nyumba za muziki. Wajapani waliporudi, watu hao wote walikaa pamoja. Mwaka 1948 baraza la mji lilitangaza kwamba mtaa huo umeharibika. Mpango wa kwanza ulikubaliwa mwaka 1956 na wa pili mwaka 1964. Barabara ya Geary ilipanuliwa ikaukata mtaa katikati, na nyumba nyingi za mbao zikabomolewa. Kwa hesabu ya baadaye, jamaa zaidi ya 4,000 walihamishwa, na maduka mamia yakafungwa.

Fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka Serikali kuu, si katika ziada ya kodi peke yake. Lakini sheria iliyotoa uwezo wa kuuita mtaa mbovu na kuubomoa ilikuwa ileile ya California. Waliohamishwa walipewa hati za kuahidiwa nafasi ya kwanza watakaporudi. Wengi hawakurudi. Miaka ilipita kabla ya nyumba mpya kujengwa. Wengine walikuwa wamekwisha kuhamia miji mingine, na wengine walikufa. Mwaka 1967 wakazi waliunda chama chao, na mwaka 1968 wakaenda mahakamani kudai kwamba watu wasihamishwe kabla ya kupatikana mahali pazuri pa kukaa. Mahakama ilikubaliana nao na kuisimamisha kazi kwa muda. Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria ya nchi nzima juu ya fidia na msaada kwa watu wanaohamishwa na kazi za Serikali. Kwa wengi wa Fillmore, sheria hiyo ilikuja wakiwa wamekwisha kuondoka.

Jambo moja la kukumbukwa ni hili. Mwenye nyumba alilipwa bei ya nyumba yake. Lakini mpangaji hakuwa na nyumba ya kuuza. Alichokuwa nacho kilikuwa ni jirani wamjuao, duka limkopeshalo, kanisa, na kazi iliyo karibu. Vitu hivyo havikuandikwa katika hesabu ya thamani ya mtaa, na kwa hiyo havikulipwa na mtu.

MAANA YA NENO ILIVYOPANUKA

Kwa kuwa ziada ya kodi ilipatikana tu mahali palipotangazwa kuwa pameharibika, miji mingi ilianza kuona uharibifu mahali ambapo mtu mwingine asingeuona. Katika mwaka 1976 Mahakama Kuu ya California ililikataa shauri la mji wa National City, uliotaka kuuita uwanja wa mchezo wa gofu mahali palipoharibika ili pajengwe maduka. Mwaka huohuo Baraza la jimbo lilitunga sheria kwamba sehemu moja katika tano ya ziada itumike kwa nyumba za watu wenye kipato cha chini na cha kadiri. Ni haki kusema kwamba kwa sheria hiyo nyumba nyingi njema zilijengwa, na jamaa wengi wanakaa humo.

Mwaka 1978 raia wa California walipiga kura nyingine, Shauri Namba 13, wakaweka mpaka: kodi ya ardhi na majengo isizidi sehemu moja katika mia ya thamani. Miji ikapungukiwa na fedha, na ziada ya kodi ikawa mojawapo ya njia chache zilizobaki. Halmashauri zikaongezeka hata zikazidi 400. Mwaka 1993 sheria ilibana maana ya uharibifu na kuweka mipaka ya miaka. Hata hivyo, kufikia mwisho wa mwongo wa kwanza wa karne hii, halmashauri zilikuwa zikichukua kiasi cha sehemu 12 katika kila 100 za kodi yote ya ardhi na majengo ya jimbo, yaani karibu dola bilioni 5 kila mwaka. Mwaka 2011 mkaguzi mkuu wa fedha za jimbo alitoa taarifa juu ya baadhi ya halmashauri hizo. Alionyesha kwamba katika mji wa Coronado eneo la kujengwa upya lilikuwa limefunika kila kiwanja cha mtu binafsi, hata majumba ya thamani ya mamilioni yaliyo ufukoni.

NDUGU WANAREJEA SHAMBANI

Mwaka 2011 jimbo lenyewe lilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha. Kwa kuwa shule zilikosa sehemu yake ya ziada, hazina ya jimbo ndiyo iliyokuwa ikizifidia. Gavana Jerry Brown alisema kwamba fedha hizo zirudi kwa shule, wilaya na kazi nyingine za lazima. Baraza likapitisha sheria mbili: ya kwanza iliziondoa halmashauri, na ya pili iliziruhusu kubaki iwapo zingekubali kulipa sehemu ya fedha zao. Halmashauri na miji zikashtaki. Tarehe 29 Desemba 2011 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kwanza ni halali, na ya pili si halali.

Ajabu ni hii: sababu ya kuikataa sheria ya pili ilikuwa Shauri Namba 22, ambalo raia walilipitisha mwaka 2010 kwa kuombwa na miji, ili jimbo lisizishike fedha za halmashauri. Ngao waliyoitengeneza wenyewe ndiyo iliyowazuia kujikomboa. Tarehe 1 Februari 2012 halmashauri zote zilifungwa. Madeni hayakufutwa, viliwekwa vyombo vingine vya kuyalipa mpaka yaishe. Mwaka 2014 California ilitunga sheria mpya ya wilaya za kutengeneza barabara, mabomba na mambo kama hayo kwa ziada ya kodi, lakini safari hii sehemu ya shule haiguswi.

Habari hii haisemi kwamba mitaa mibovu iachwe ilivyo. Nyumba inayovuja inamwumiza anayekaa ndani yake, na mji usiotengeneza mifereji yake huzaa maradhi. Wala haisemi kwamba njia ya ziada ya kodi ni hila. Walioipigia kura mwaka 1952 waliambiwa kweli kwamba hawatatozwa kodi mpya. Ila gharama ambayo haikuonekana katika karatasi ya kura haikupotea. Ililipwa na shule zilizopata magunia 10 wakati shamba likitoa 30, na ililipwa na mpangaji aliyebeba godoro lake kutafuta chumba mahali asipojulikana.

Kwa hiyo, penye raia wanaoulizwa kutoa ruhusa ya kujenga upya mtaa wao, yafaa wasiishie kuuliza kama kodi itapanda. Waulize pia ziada itahesabiwaje, deni litakwisha mwaka gani, na kila jamaa anayehamishwa atalala wapi usiku ule ule wa kuhamishwa. Majibu ya maswali hayo yakiandikwa kabla ya kura, ruhusa iliyotolewa itakuwa na mpaka wake.